Delamere wa Soysambu: Mwindaji Aliyekuja Kupita Akabaki

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nakuru, akishaupita mji wa Gilgil na barabara ikaanza kuteremka, huliona ziwa la Elmenteita likimetameta upande wake wa kushoto. Nyuma ya ziwa kuna kilima kilichokaa kama mtu aliyelala chali, paji la uso, pua na kidevu vikielekea mbinguni. Wamaasai waliolisha ng'ombe zao huko walimwona pale morani aliyelala. Masetla walipokuja walimwona mtu mwingine. Walisema pua ile ni ya Lord Delamere, na jina la Pua ya Delamere likazoeleka vinywani mwao.

Bwana huyo wengi wetu tulisomeshwa habari zake shuleni kama kiongozi wa masetla, mpinzani wa Wahindi katika siasa za miaka ya 1920, na mtu aliyetaka nyanda za juu za Kenya ziwe nchi ya Wazungu. Hayo yote ni kweli, na yameandikwa sana. Mwaka 1935 mwandishi Elspeth Huxley alitoa vitabu viwili vizima juu ya maisha yake. Mimi leo nataka kumsimulia kwa upande ambao sisi tuliozaliwa karibu na Njoro tuliujua kabla ya kujua kusoma, yaani upande wa bunduki. Delamere hakuja Afrika kulima wala kutawala. Alikuja kuua simba. Na swali la nani ana haki ya kuua mnyama wa porini, na kwa sababu gani, halijaondoka katika shamba lake tangu siku hiyo.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Hugh Cholmondeley. Alizaliwa tarehe 28 Aprili, 1870, huko Cheshire nchini Uingereza, katika ukoo wenye mashamba makubwa na jumba la kifahari liitwalo Vale Royal. Alisomeshwa Eton, shule ya watoto wa mabwana, lakini vitabu havikumkaa kichwani kama farasi na bunduki. Baba yake alipofariki mwaka 1887, kijana huyu wa miaka 17 akarithi cheo na kuwa Baroni wa tatu wa Delamere. Ana fedha, ana cheo, hana wa kumwambia la. Mwaka 1891, akiwa na miaka 21, akavuka bahari mpaka nchi ya Wasomali kuwinda simba.

Ikawa kama ugonjwa. Akirudi Uingereza hatulii, mwaka ukigeuka yuko Berbera tena. Wakati huo vijana wa tabaka lake waliuona uwindaji kuwa shule ya uanaume, nao walikuwa na kanuni zao. Mnyama aliyejeruhiwa lazima afuatwe mpaka amalizwe, hata kama amejificha kichakani na hatari ni kubwa. Jike mwenye mtoto aachwe. Pembe zipimwe kwa inchi na ziandikwe. Nyama haikuwa na maana kubwa, hiyo ni ya wapagazi. Kilichotakiwa ni ngozi, kichwa cha kutundika ukutani, na masimulizi.

Mwaka 1894 simba naye alitaka masimulizi yake. Alimrukia Delamere, akamwangusha na kumtafuna mguu. Bunduki imeanguka, bwana yuko chini, na hapo hadithi ingeishia. Aliyemwokoa ni mbeba bunduki wake, Msomali aitwaye Abdullah Ashur, ambaye alimrukia yule simba kwa mikono mitupu akapambana naye hata bwana akapata nafasi ya kuishika bunduki tena. Delamere alichechemea tangu siku hiyo mpaka kaburini.

Hapa nasimama kidogo. Kila nikisoma habari za wawindaji wakubwa wa zamani namtafuta Abdullah Ashur wa kila mmoja wao, na karibu kila mara yupo: mtu wa kufuata nyayo, mtu wa kubeba bunduki ya pili, mtu wa kusimama palepale wakati mnyama anakuja mbio. Kanuni zile za kiungwana zilihesabu ujasiri wa yule aliyefyatua tu. Mtu aliyemkabili simba bila silaha yoyote hakuandikwa katika orodha ya wawindaji, na ngozi haikuwa yake.

Mwishoni mwa mwaka 1896 Delamere aliondoka Berbera kwa safari iliyo ndefu kupita zote, akiwa na ngamia wengi, daktari, mpiga picha na fundi wa kukausha ngozi za wanyama. Walikata nchi kavu za kusini kuelekea Marsabit, ndovu wakipigwa njiani kwa ajili ya pembe, na mwaka 1897 wakatokea Laikipia. Baada ya miezi ya vumbi na miiba, mbele yao kulikuwa na majani mabichi, mito ya maji baridi, mierezi, na wanyama wasiohesabika. Delamere aliamini kuwa amegundua nchi tupu.

Nchi haikuwa tupu. Miaka michache nyuma sotoka ilikuwa imewamaliza ng'ombe wa Wamaasai, na ndui ikafuata kwa watu wenyewe. Aliyoyaona Delamere yalikuwa malisho ya watu waliokuwa matangani. Na wingi wa wanyama ule, uliomfanya apumbae, nao ulikuwa na sababu yake. Mmaasai hali nyama ya porini. Kwake kula swala au pundamilia ni alama ya umaskini wa mtu asiye na ng'ombe. Morani atamwua simba kwa mkuki, kwa sababu simba ni mwizi wa ng'ombe na kwa sababu ya sifa, lakini kongoni atapita katikati ya mifugo bila kuguswa. Hata Wakikuyu wengi waliidharau nyama ya mwituni. Wawindaji hasa wa sehemu hizi walikuwa Waogiek wa msitu wa Mau, ambao wengine waliwaita Wadorobo, nao waliishi kwa asali na nyama, kila ukoo na sehemu yake ya msitu na mipaka yake. Kwa hiyo bustani ile ya wanyama haikuwa kazi ya Mungu peke yake. Ilikuwa na watunzaji, isipokuwa hakuna aliyewauliza.

Mwaka 1899 Delamere alimwoa Lady Florence Cole, binti wa Earl wa Enniskillen, akamleta Afrika. Mwaka 1903 akaja kukaa moja kwa moja. Aliomba ardhi Laikipia akanyimwa kwa kuwa ni mbali na reli, akaomba karibu na Naivasha akanyimwa kwa ajili ya Wamaasai, mwishowe akapewa ekari 100,000 Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Shamba hilo aliliita Equator Ranch. Mwaka 1904 serikali ikafanya mapatano na Wamaasai, kama yalistahili kuitwa mapatano, wakahamishwa kutoka Bonde la Ufa, Naivasha na Nakuru na Elmenteita pamoja, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini. Mwaka 1906 Delamere akapata shamba la pili, zaidi ya ekari 50,000 kati ya stesheni za Elmenteita na Mbaruk. Hilo ndilo Soysambu. Na miaka mitano baadaye, 1911, wale wa Laikipia nao wakaambiwa wahame tena. Walikwenda mahakamani mwaka 1913, kesi ikatupwa.

Kuanzia hapo jina la Delamere linatajwa zaidi katika habari za kondoo na ngano kuliko za simba. Sitaki kumnyima haki yake. Aliagiza kondoo kutoka New Zealand, wengi wakafa. Udongo wa sehemu zile ulipungukiwa na madini ambayo mnyama hawezi kuishi bila hayo, na maradhi yatokanayo na upungufu huo baadaye yalikuja kuitwa kwa jina la Nakuru katika vitabu vya madaktari wa mifugo. Wamaasai walijua siku nyingi kwamba ng'ombe hawanenepi Njoro. Aliagiza ng'ombe, wakapatwa na homa ya mapafu. Alipanda ngano, ikaliwa na ugonjwa wa kutu. Mwingine angefunga mizigo arudi kwao. Yeye aliweka rehani mali yake ya Uingereza, akamwajiri mtaalamu wa kuchanganya mbegu hapo Njoro, na mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga ya Unga Limited. Njoro ni nyumba ya utafiti wa ngano mpaka leo, na chapati tunayokula ina deni kidogo kwake. Alikaa katika vibanda vya udongo na majani miaka mingi, akajifunza Kimaasai, akawaandika Wamaasai kazi ya uchungaji na kuongea nao usiku kucha habari za ng'ombe.

Mtu wa ajabu. Aliwapenda Wamaasai, na ardhi yao ndiyo aliyoifuga.

Na wanyama je? Hapa ndipo mambo yalipogeuka. Mwindaji alipokuwa mgeni, mnyama alikuwa mali ya thamani. Alipokuwa mwenye shamba, yule yule mnyama akawa adui. Pundamilia walivunja nyua za waya, kongoni waliingia katika ngano, simba walikula ng'ombe wa kuagizwa kwa meli. Bonde zima kutoka Naivasha mpaka Njoro masetla walipiga pundamilia bila hesabu wala sherehe, na mizoga ikaachiwa fisi. Kanuni za Eton hazikuwa na sura ya pundamilia aliyelala juu ya waya.

Sheria nayo ilikuwa imekwisha kuandikwa. Mei 1900 mataifa ya Ulaya yalikutana London wakatia sahihi mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika. Hakuna Mwafrika aliyekuwamo. Mkataba wenyewe haukutiwa nguvu na nchi zote, lakini sheria za makoloni zilifuata mfano wake. Wanyama waligawanywa: hawa wasiuawe, hawa wauawe kwa kiasi, na hawa, simba, chui na fisi, wapunguzwe kwa sababu ni waharibifu. Hata mayai ya mamba yaliamriwa yaharibiwe. Uwindaji wa nyavu na mashimo ukawekwa miongoni mwa njia za kuzuiwa. Wa bunduki ukaruhusiwa kwa leseni, na leseni ya mwindaji mgeni katika Kenya ya siku hizo ilikuwa pauni 50.

Tufikiri maana yake. Mogiek wa Mau hakuwa na bunduki wala pauni 50. Alikuwa na upinde, mbwa na mtego. Siku moja aliamka mwindaji, siku ya pili akaamka jangili, na hakuna alichobadilisha yeye wala swala. Bwana Nyama, kama watu walivyomwita afisa wa wanyama, ndiye aliyebadilika.

Mfano mzuri ni mwaka 1909. Mwaka huo Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alikuja kuwinda, na katika safari yake alikuwa mgeni wa Delamere Njoro. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 kabla ya kumaliza safari yao Khartoum mwaka 1910, wakiwemo vifaru 20, kwa ajili ya majumba ya makumbusho ya kwao. Huko Mau walitaka bongo, yule mnyama mwekundu mwenye mistari ambaye hujificha katika mianzi na ambaye Wazungu wachache walikuwa wamemwona. Waliowaongoza msituni ni Wadorobo. Basi mtu yule yule, katika njia ile ile ya msitu, akimtafutia bongo rais ni kiongozi hodari, na akijitafutia mwenyewe ni mhalifu.

Naweza kuambiwa kuwa nayatazama mambo ya 1909 kwa macho ya leo. Labda. Lakini mambo hayo nami niliyaona kwa macho ya mtoto. Mwaka 1960 mjomba wangu alikuwa kibarua katika shamba la setla mmoja upande wa Mau Narok, ambalo sitalitaja jina. Jumamosi jioni alitega kitanzi cha waya, Jumapili akapata swala. Askari wa shamba walimkuta na paja moja ndani ya gunia, maana jingine alikwisha kumpelekea mama yangu, nasi tulikuwa tumekwisha kulila. Alifungwa miezi sita. Mwezi ule ule mwenye shamba alikuwa na wageni kutoka Nairobi, na tuliisikia milio ya bunduki tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mama hakutaka tuzungumzie nyama ile. Mjomba alipotoka alisema jambo moja tu, kwamba mtego wa waya ni kitu kibaya kwa kuwa mnyama anakaa usiku kucha akijinyonga, na kwamba laiti angekuwa na bunduki asingemtesa hivyo. Mimi nimelifikiri neno lake miaka mingi. Hakusema kwamba alionewa. Alimhurumia swala.

Nasema hivyo kwa sababu sipendi ile hadithi nyepesi ya Mwafrika mlinzi wa wanyama na Mzungu mwangamizi. Waya wa mtego hauchagui dume wala jike, na siku hizi nyama ya porini ya Bonde la Ufa si kitoweo cha maskini peke yake, ni biashara ya pikipiki na ya usiku.

Delamere alifariki tarehe 13 Novemba, 1931, akazikwa Soysambu. Lady Florence alikuwa amefariki mwaka 1914, naye akaoa tena 1928. Aliacha madeni makubwa. Sanamu yake ya shaba iliwekwa Nairobi mwaka 1939, katika barabara iliyoitwa kwa jina lake na ambayo leo ni Kenyatta Avenue. Uhuru ulipokuja 1963 iliondolewa ikapelekwa shambani.

Mei 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote wa michezo. Bunduki za wageni zikanyamaza, na kamera zikachukua mahali pake. Baadaye wenye mashamba wachache waliruhusiwa kuvuna idadi fulani ya wanyama na kuuza nyama, mpaka ruhusa hiyo nayo ikafutwa mwaka 2003. Sheria ya mwaka 2013 inakataza hata uwindaji wa kitoweo. Kwa upande wa Mau, Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu huko Arusha iliamua kwamba Kenya iliwakosea Waogiek kwa kuwafukuza msituni, na kwamba si wao walioharibu msitu. Juni 2022 mahakama hiyo ikaamuru walipwe fidia.

Nilitamani kumalizia habari za Delamere hapo, lakini shamba lake halikumalizia hapo. Aprili 2005, askari wa Shirika la Wanyamapori, KWS, waliingia Soysambu bila sare kuchunguza habari za nyama ya porini. Mmoja wao alipigwa risasi na kufa. Aliyefyatua alikuwa Thomas Cholmondeley, kitukuu cha Delamere, aliyesema kwamba aliwadhania ni majambazi. Mkuu wa Sheria aliiondoa kesi, na Wamaasai wakaandamana kwa hasira, kwa kuwa marehemu alikuwa mtoto wao. Mei 2006, katika shamba lile lile, kitukuu huyo alikutana na watu wenye mbwa, wamebeba swala. Risasi zikalia tena. Fundi wa mawe wa kijiji cha jirani alifariki, akaacha mke na watoto. Baada ya kukaa rumande miaka mitatu, Cholmondeley alihukumiwa Mei 2009, si kwa kosa la kuua kwa kukusudia bali la kuua bila kukusudia, kifungo cha miezi minane. Naye alifariki Agosti 2016, akiwa hospitalini kwa upasuaji wa nyonga.

Miezi minane. Nilipoisikia hukumu redioni nilihesabu kwa vidole kama mtoto, nikampigia simu binamu yangu, mtoto wa yule mjomba. Hatukuzungumza sana. Aliniuliza kama nakumbuka ladha ya lile paja, nikamwambia nakumbuka, lilikuwa na chumvi nyingi.

Soysambu tangu 2007 ni hifadhi ya wanyama. Twiga wa Rothschild wanakula migunga, nyati wanashuka ziwani jioni, na mwari weupe wanazaliana katika visiwa vya Elmenteita, ziwa ambalo mwaka 2011 liliingizwa katika urithi wa dunia pamoja na Nakuru na Bogoria. Pundamilia wamejaa. Wageni hulipa kuwatazama, na waya umeondolewa sehemu nyingi ili wapite. Nilikwenda huko mara moja, nikalipa kiingilio kama mgeni mwingine yeyote. Delamere wa shaba amekaa kitako, amekitazama kile kilima cha pua. Kijana aliyetuongoza alikuwa Mmaasai. Mzee mmoja kundini akamwuliza kile kilima kinaitwaje, naye akataja jina la Kimaasai, la morani aliyelala, akaendelea na habari za ndege.